Upande wa Kushoto

Kona ya ukurasa ilikuwa imelowa.

Nafula aliuondoa mkono wake, akaitazama ncha ya kidole gumba, akaifuta kwenye aproni, kisha akaigusa tena ile kona kwa mgongo wa kidole. Unyevu ulikuwa mdogo tu, kama wa mate, kana kwamba mtu amelamba kidole, akageuza ukurasa sasa hivi na kwenda zake. Lakini chumba kilikuwa kimefungwa tangu jana mchana, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye uzi mmoja na rozari.

Akafunga mlango, akatoka hadi getini. Rashidi, dereva wa nyumba ile, mtu wa Tanga, alikuwa ameketi kwenye kipande cha kivuli kilichobaki chini ya ukuta, akimenya chungwa.

"Rashidi, uliingia chumba cha kitabu?"

"Chumba gani?"

"Usinichezee. Kile cha Zaburi."

"Dada Nafula, mimi kitabu kile sikigusi hata kwa fimbo. Na ufunguo si unao wewe? Au nimepita kwenye tundu la kitasa kama moshi?"

"Kuna mtu amelamba kidole akageuza ukurasa."

"Basi ni wewe. Umekaa peke yako mpaka umesahau mate yako." Akamkatia kipande cha chungwa. "Kula. Joto hili litatutia wazimu sote."

Ilikuwa Julai ya mwaka 2008, huko Muaither, pembezoni mwa Doha. Wenye nyumba walikuwa wamesafiri kukimbia joto kama walivyofanya kila mwaka, na wangerudi karibu na Ramadhani. Nyumba ya ghorofa mbili ilibaki na watu wawili: Rashidi katika chumba chake cha getini, na Nafula ndani, na mapazia mazito yamefungwa mchana kutwa, na viyoyozi vikivuma katika vyumba ambamo hakuna aliyelala.

Mwenye nyumba, mzee mpole ambaye wafanyakazi walimwita Baba Jassim, alipenda maandishi ya mkono kuliko alivyopenda mazungumzo. Kuta za majlisi yake, sebule ya kupokelea wageni, zilijaa misahafu ya kale na vipande vya khati ya dhahabu. Lakini kitabu kimoja alikipa chumba chake peke yake. Alikinunua Ulaya, na kilikuwa na umri wa miaka zaidi ya mia tano: Zaburi kwa Kilatini, iliyoandikwa na kuchorwa kwa ajili ya kwaya ya kanisa. Kilikuwa kikubwa kama mlango wa kabati, majalada yake ya mbao yenye vifundo vya shaba, kurasa zake za ngozi ya ndama. Herufi zilikuwa nene ili safu nzima ya waimbaji wasome kutoka kitabu kimoja, wakisimama mbali. Noti za mraba zilipanda na kushuka juu ya mistari myekundu. Penye mwanzo wa zaburi, herufi ya kwanza ilikuwa ya dhahabu na buluu, na ndani yake palichorwa waimbaji wadogo wamesimama pande mbili, kulia na kushoto, midomo wazi.

Kabla ya safari Baba Jassim alimwita Nafula, akamwonyesha.

"Hii ni Zaburi ya Nabii Daudi, amani iwe juu yake. Nyinyi ndio watu wake. Kila siku baada ya adhuhuri, nyumba ikiwa imetulia, geuza ukurasa mmoja, kwa sababu mwanga ukikaa mahali pamoja unakula rangi. Mikono iwe mikavu. Na usilambe kidole, Nafula, hata kama mama yako alikufundisha hivyo."

Mama yake ndiye hasa aliyemfundisha hivyo. Virginia, mama yake Nafula, alikuwa Kimilili, magharibi ya Kenya, akimlea Emily, mtoto wa pekee wa Nafula. Emily alikuwa na mwaka mmoja Nafula alipopanda ndege mwaka 2004. Likizo ya mwaka 2006 Nafula hakuenda. Nauli aliipokea mkononi, ikawa mabati ya nyumba ya mama yake. Kwa hiyo mtoto alimjua mama yake kwa sauti tu. Picha alikuwa nazo, lakini picha haimlazi mtoto. Kila Ijumaa saa nane mchana, Emily akishatoka nasari na kula, Nafula alipiga simu, na bibi akaiweka kwenye sikio la mjukuu pale mkekani, naye Nafula akamwimbia wimbo ule ule wa kulala mpaka asikie pumzi zake zimekuwa ndefu. Mwalimu wa nasari alipowauliza watoto mama zao wanakaa wapi, Emily alijibu kuwa wake anakaa ndani ya simu. Watoto walicheka. Nafula aliposimuliwa naye alicheka, kisha akaenda bafuni akafungulia maji ya bomba yamwagike kwa muda mrefu.

Sauti ile ndiyo ilikuwa umama wake wote. Hakuwa na kingine cha kumpa mtoto kwa mkono.

Siku iliyofuata kona ilikuwa imelowa tena, na sasa palikuwa na harufu. Haikuwa ubani wa majlisi. Ilikuwa nta ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, na chini yake sufu iliyonyeshewa, kama makoti ya watu waliotoka kwenye baridi wakasongamana. Nje ya pazia jua lilikuwa likipiga lami mpaka inalainika. Nafula aligeuza ukurasa haraka, akasimama kando ya kinara, ile meza ya mbao iliyobeba kitabu, upande wa kushoto, kwa sababu ndiko alikosimama maisha yake yote kwenye kwaya ya parokia yao.

Ndipo aliposikia mtu akivuta pumzi.

Mtu yeyote aliyewahi kuimba kwaya anaijua pumzi ile. Si ya kuchoka wala ya kulala. Ni ile inayoingia kifuani kabla tu ya noti ya kwanza. Ikafuatwa na sauti, upande wa kulia wa kinara, mahali ambapo hapakuwa na mtu: sauti ya mzee, nyembamba, isiyo na haraka. Iliimba nusu ya mstari, ikatulia kiasi cha pumzi moja, ikamalizia nusu ya pili. Kisha ikanyamaza, ikangoja.

Nafula hakukimbia. Baadaye yeye mwenyewe hakuweza kueleza kwa nini, isipokuwa kwamba tuni ile aliijua. Ilikuwa ile ile ambayo kukhu yake, yaani bibi yake aliyemzaa Virginia, aliyefundishwa Zaburi za Kilatini na mapadri wa misheni akiwa msichana, aliiimba akichambua maharagwe. Maneno Nafula hakuyaelewa, lakini ulimi wake uliyakumbuka. Halafu kulikuwa na kule kungoja. Mwalimu Levis, aliyeongoza kwaya ya parokia, alisamehe kuchelewa, alisamehe hata kusahau maneno, lakini jambo moja hakulisamehe: upande wa kulia ukishaimba mstari wake, wa kushoto uitikie, hata kama watu wote wamekimbia mvua na kushoto umebaki peke yako. Kuuacha mstari bila jibu, alisema, ni kumwacha mtu amekunyooshea mkono.

Wala hakuna mtu aliyekuwa amemnyooshea Nafula mkono kwa muda mrefu. Akatazama ukurasa, akaufuata mstari kwa macho, akavuta pumzi, akaitikia.

Kuanzia siku hiyo alisubiri adhuhuri kama watu wengine wanavyosubiri barua. Asubuhi alifuta vumbi vyumba visivyotumika, akamwagilia maua yaliyokuwa yakifa, akapika chakula cha watu wawili na kukipeleka getini. Kisha alioga, akafunga kitambaa safi, akaingia chumbani. Mzee asiyeonekana aliimba, yeye akaitikia, mstari kwa mstari, ukurasa hadi ukurasa. Alianza kugeuza zaidi ya mmoja kwa siku. Kitu kimoja tu alikigundua, nacho hakikumsumbua wakati huo: zaburi yoyote ilipofika mwisho, mahali ambapo kwaya zote huimba Atukuzwe na kuinama, mzee aliruka. Kabla Nafula hajavuta pumzi alikuwa ameshashika mstari wa kwanza wa zaburi inayofuata. Nafula alishukuru. Yeye pia hakutaka iishe.

"Siku hizi umenawiri," Rashidi alimwambia, akipokea sahani. "Umepata mchumba kwenye simu?"

"Mchumba wa nini. Kula wali wako."

"Ananipita mimi kwa lipi? Gari ninalo."

"Gari la Baba Jassim."

"Ufunguo lakini uko kwangu."

Hilo la gari ndilo lilikuwa neno la mwisho Rashidi kumsikia akilisema kwa sauti yake ya kawaida nje ya chumba kile.

Ijumaa Nafula alipanda darini karibu na tangi la maji, kama kawaida, akapiga simu.

"Emily, mama hapa."

"Haloo?" alisema mtoto.

"Ni mama. Umekula?"

"Haloo? Haloo? Nyanya, ni mtu anapumua tu."

Virginia akachukua simu. "Nafula? Kama ni wewe, sisikii kitu. Labda ni mtandao. Piga tena." Alipiga tena, akapiga mara nyingine, na kila mara alijisikia mwenyewe vizuri kabisa, kila neno, na kila mara upande wa pili ulisikia pumzi. Mara ya mwisho alimsikia Emily akiuliza kwa mbali, bila kulia, kama mtu anayetaka tu kujua: "Mama ametoka kwenye simu?"

Alishuka mbio. Rashidi alikuwa akiosha gari, mgongo wake kwake. Nafula akamwita. Akamwita tena akiwa hatua chache nyuma yake, kwa sauti ambayo ingewaamsha majirani, na Rashidi akaendelea kusugua rimu huku akipiga mluzi, mpaka alipomshika bega.

"Dada! Si useme. Umeninyemelea kama paka." Kisha akatazama mdomo wake, na kitambaa cha kuoshea kikaanza kumdondokea maji miguuni. "Mbona unachezesha midomo tu?"

Nafula akamwacha amesimama pale, akaingia ndani, akapita jikoni na majlisi akisema jina lake mwenyewe, Nafula, Nafula, Nafula, na kwa mara ya kwanza akasikiliza si sauti bali kile kinachopaswa kuifuata, ule mwangwi mdogo ambao kila sauti huupata ukutani, na haukuwepo, si jikoni penye vigae wala kwenye ngazi za marumaru, mpaka alipofungua mlango wa chumba cha kitabu, akavuka kizingiti akisema Nafula, na ukuta ukamrudishia.

Sauti yake ilikuwa humo. Ilikuwa humo peke yake.

Mtu mwenye hofu hufanya lililo karibu. Nafula aliiona simu mkononi na saa nane haijapita sana, akamfikiria mtoto mkekani akingoja, akapiga kutoka pale pale alipokuwa amesimama.

"Mama," alisema Emily. "Sasa umerudi."

"Nimerudi. Lala, nikuimbie."

Akaanza wimbo wao wa kulala, polepole, akiifunika simu kwa kiganja kama mtu anayekinga kibiriti na upepo, akikitazama kitabu kwa pembe ya jicho, na alipofika mahali pa kupumzika kidogo alisikia upande wa kulia wa kinara pumzi ikivutwa, na haikuwa tena ya mtu mmoja bali ya wengi pamoja, wanaume wengi, na sufu yao ikinuka. Akaendelea kuimba kwa haraka zaidi ili amalize kabla yao, lakini kwenye simu, katikati ya usingizi, mtoto wake wa miaka mitano aliyekuwa hajawahi kusikia Kilatini alikuwa ameacha kuufuata wimbo na ameanza kuguna tuni nyingine, taratibu, bila kukosea, nusu ya mstari, akatulia kiasi cha pumzi moja, akamalizia nusu ya pili.

Nafula akakata simu.

Rashidi alikuwa mlangoni. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Nimekusikia ukiimba," alisema kwa sauti ya chini. "Nikiwa kwenye korido sikusikia kitu. Nimeweka mguu hapa ndani, nikakusikia. Nikiurudisha, hamna."

"Ingia. Nikitoka hutanisikia."

"Hapa hapa panatosha." Lakini akaingia, hatua moja, mgongo kwenye mlango. "Uko na nani?"

"Sijui. Anaimba. Mimi naitikia."

"Unamwitikia?" Rashidi akafumba macho kidogo. "Dada yangu, kwetu mtoto mdogo anafundishwa, ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Nyinyi kwenu mnafundishwa nini?"

"Tunafundishwa kuitikia."

Rashidi hakucheka. Alisema kuna mtu wa kwao, Mwalimu Amiri, fundi wa viyoyozi, anakaa kambi ya wafanyakazi huko Industrial Area, na anawasomea watu wenye matatizo kama haya, kimya kimya. "Lakini jirani asijue, na Baba Jassim asijue. Watu wamerudishwa makwao kwa kisa kidogo kuliko hiki."

Mwalimu Amiri alikuja siku ambayo kampuni yao ilimpa mapumziko, amevaa ovaroli ya kazini na kubeba sanduku la vifaa, ili mlinzi wa nyumba ya pili akiuliza aambiwe AC imeharibika. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono iliyojaa makovu ya mabati. Juu ya sanduku palikuwa na spana na bomba za shaba. Chini yake, ndani ya taulo, sahani nyeupe, chupa ya marashi na zafarani. Aliandika kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani, akalisuuza kwa marashi, akampa Nafula anywe. Akakaa chini akasoma, macho yamefungwa, sauti yake ya chini na tulivu, kwa muda mrefu. Nafula na Rashidi walisimama ukutani. Hakuna kilichotikisika.

Mwalimu alipomaliza alinyamaza. Na katika ule ukimya, upande wa kulia, mzee akavuta pumzi, akaimba mstari wake, akangoja.

Rashidi alikamata mkono wa Nafula. Nafula akauma mdomo ili usifunguke.

"Yupo," alisema Mwalimu Amiri. "Na ana adabu. Amenisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaendelea na yake."

"Hakuungua?" aliuliza Rashidi.

"Wa kuungua ni aliyekuja kwa ubaya. Huyu hakuja kwa mtu. Majini wana dini zao kama sisi, na huyu ni Mnasara, wa zamani sana, ameishi na watu wa kitabu hiki mpaka akawa mmoja wao. Watu walikufa, yeye akabaki kwenye zamu. Hajioni kama amemwingilia mtu. Anajiona yuko kazini." Akamgeukia Nafula. "Na wewe umesimama kwenye nafasi, ukaitikia. Kwa hiyo sauti yako ameihesabu kuwa ya kwaya. Huwezi kuwa nayo huku na kule."

"Nina mtoto, Mwalimu," alisema Nafula. "Hana kitu changu kingine."

"Kwenu zaburi inaishaje?"

"Kwa Atukuzwe. Pande zote mbili zinainama. Halafu watu wanatawanyika."

"Mbona hamjafika hapo?"

"Yeye anaruka. Hanipi nafasi ya kuvuta pumzi."

Mwalimu Amiri aliwaza, akikunja taulo yake. "Ameshawahi kuona watu wakitawanyika," alisema hatimaye. "Hataki kubaki peke yake tena. Basi itabidi umalize wewe, kabla hajaruka. Lakini nisikilize vizuri. Wote waliomwitikia wainame pamoja. Atakayebaki amesimama, atabaki naye. Kuna mtu mwingine aliyemwitikia?"

Nafula alitazama simu yake juu ya kinara. Ili Emily ainame ingebidi apigiwe tena, kutoka chumba hiki, na aambiwe aimbe, na aisikie ile pumzi ya wengi sikioni mwake. Alikuwa na miaka mitano. Alikuwa ameguna tu, tena usingizini. Kuguna si kuimba. Hata Mwalimu Levis angesema hivyo.

"Hakuna," alisema.

"Una hakika?"

"Hakuna mwingine."

Mwalimu Amiri alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Haya. Utatoka na kitakachobaki. Simama mahali pako."

Akasimama kushoto. Mzee alianza, naye akaitikia, na zaburi ikaenda kama siku zote, isipokuwa kwamba sasa Nafula alikuwa akiibana pumzi, akiivuta kidogo kidogo penye kituo cha katikati ya mstari kama walivyofundishwa kwa nyimbo ndefu za Pasaka, na sauti ya upande wa pili, kana kwamba imehisi jambo, iliongezeka, kutoka mzee mmoja hadi wawili, hadi safu, hadi ikawa kama ukuta wa sauti unaomsogelea, na harufu ya nta ikamjaa puani, na baridi isiyotoka kwenye kiyoyozi chochote ikampanda miguuni, na Rashidi akawa ameketi chini bila kujua ameketi saa ngapi. Na mstari wa mwisho ulipoangukia upande wa kushoto, Nafula aliuimba wote bila kutulia katikati, na hapo ambapo mapafu yake yalidai pumzi hakuyapa, akaunganisha Atukuzwe ya Kilatini ya kukhu yake juu ya pumzi hiyo hiyo, macho yakimtoka, kifua kikimchoma, huku akiwasikia ng'ambo wakianza kuvuta pumzi ya zaburi inayofuata, wakaikuta imeshajazwa, wakakosa pa kuingia, wakasita, na mmoja baada ya mwingine wakashika Atukuzwe pamoja naye.

Akainama. Upande wa pili alisikia mbao zikilia, magoti yakigonga, sufu nyingi ikiinama kwa pamoja. Kisha nyayo, juu ya sakafu ya mawe, katika chumba chenye zulia, zikienda mbali na mbali zaidi.

"Wamekwenda," alinong'ona Mwalimu Amiri.

Nafula alifungua mdomo kumshukuru. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kama wa mwanamke mzee aliyevuta moshi wa kuni maisha yake yote. Lakini alipotoka hadi jikoni na kusema jina lake, vigae vilimrudishia. Alilia kwa furaha, kwa sauti hiyo mbovu, na Rashidi akamchekea na kulia naye. Kesho yake kona ya ukurasa ilikuwa kavu.

Ijumaa alipiga simu kutoka darini.

"Emily, mama hapa."

Mtoto aliuliza: "Wewe ni nani?"

"Ni mama yako. Niliugua koo. Lala nikuimbie."

"Asante," alisema Emily kwa heshima, kama alivyofundishwa kuwajibu wageni. "Lakini mama ameshaniimbia. Huniimbia kila siku sasa. Hata simu hatutumii."

Virginia alichukua simu akacheka, akasema mtoto siku hizi anacheza peke yake mchana kutwa, wala hasumbui, tena ana sauti nzuri kama ya kukhu. Nafula alimpigia Mwalimu Amiri. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Nilikuuliza, dada. Si nilikuuliza?"

Mkataba wake uliisha Desemba. Baba Jassim alimwomba abaki, alimwambia hakuna aliyewahi kukitunza kitabu kama yeye. Nafula alimkabidhi ufunguo, akarudi Kimilili.

Emily alimpokea vizuri. Alimbebea mkoba, akamletea maji ya kunawa, akamwita anti. Virginia alimrekebisha, na mtoto akakubali kwa kichwa, na dakika moja baadaye akasema anti tena. Hakuwa na kinyongo. Alikuwa tu kama mtoto ambaye mama yake yupo chumba cha pili.

Baada ya chakula, jua lilipokuwa likipasha mabati mpaka yanalia, Emily alitandika mkeka wake, akasimama juu yake, upande wa kushoto. Nafula alikuwa ameketi mlangoni. Alisikia pumzi ikivutwa karibu na ukuta, ambako hapakuwa na mtu, kisha sauti. Haikuwa ya mzee. Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, isiyo na mkwaruzo hata kidogo, sauti ambayo Nafula aliijua kuliko nyingine yoyote duniani kwa sababu ilikuwa yake. Iliimba mstari, ikanyamaza, ikangoja. Emily akatabasamu, akaitikia.

Nafula aliinuka, akavuta pumzi yote ambayo kifua chake kingeweza kubeba, akaanza Atukuzwe. Ilimkatikia katikati, ikawa kikohozi.

Emily aligeuka, akaweka kidole mdomoni, bila hasira.

"Ngoja, anti," alisema. "Si zamu yako."

Kisha akalamba kidole gumba, akageuza hewani ukurasa ambao Nafula hakuuona, akavuta pumzi.